Pesa Ndogo Hulipa Kila Inapovuka

Katika mwaka wa fedha wa 2021/22, Kaunti ya Busia ilipata mgao wa shilingi bilioni 7.17 kutoka Hazina ya Taifa. Hizo ndizo pesa za kuendeshea hospitali na zahanati, shule za chekechea, barabara za mashinani, maji, kilimo na mishahara ya wafanyakazi wa kaunti kwa mwaka mzima, kuanzia Malaba na Amagoro upande wa kaskazini hadi Port Victoria kwenye ufuo wa ziwa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 893,681 katika kaunti hiyo. Ukigawanya, kila mmoja anafikiwa na takriban shilingi 8,000 kwa mwaka.

Januari 2024 shirika la Oxfam lilitoa hesabu nyingine. Wanaume watano matajiri kuliko wote duniani, wakiwemo Elon Musk, Jeff Bezos na Bernard Arnault, walikuwa na dola bilioni 405 kwa jumla mwanzoni mwa janga la korona mwaka 2020. Kufikia Novemba 2023 walikuwa na dola bilioni 869. Hilo ni ongezeko la dola milioni 14 kila saa, usiku na mchana, Jumapili na sikukuu. Kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola, ni shilingi bilioni 1.8 kwa saa. Mgao wa mwaka mzima wa Busia waliupata, watano hao, kwa muda wa saa nne. Wakianza saa mbili asubuhi, soko la Busia linapochangamka, adhuhuri wamemaliza.

Ukubwa wa pesa za namna hii hauingii akilini kwa sababu trilioni hatuigusi popote maishani. Kwa hiyo tuipime kwa kitu ambacho kila mkazi wa Malaba anakijua: foleni ya trela. Orodha ya Forbes ya mwaka 2025 ilimpa Musk utajiri wa dola bilioni 342, yaani shilingi trilioni 44. Zigeuze ziwe noti za elfu moja: ni noti bilioni 44. Tuchukulie noti moja ina uzito wa gramu moja. Mzigo wote ni tani 44,000. Trela moja ikibeba tani 28, zitahitajika trela kama 1,570. Kila trela ikichukua mita 20 za barabara pamoja na nafasi ya mbele yake, foleni ina urefu wa kilomita 31. Itaanzia geti la Malaba na mkia wake utakuwa karibu na mji wa Bungoma. Wakazi wa barabara hiyo waliwahi kuona foleni ya makumi ya kilomita mwaka 2020, madereva waliposubiri kupimwa korona. Zile trela zilikuwa na mafuta, saruji, ngano na chuma za maelfu ya wenye mali wa nchi kadhaa. Hizi zetu zimejaa noti tupu, na mwenyewe ni mmoja.

Pato zima la Kenya la mwaka 2024, jasho la kila mtu nchini kuanzia waziri hadi mchuuzi wa njugu, lilikuwa takriban shilingi trilioni 16.2. Trilioni 44 ni zaidi ya mara mbili na nusu ya hilo.

Na mtaji wa mama anayevusha mayai pale Busia? Tuseme shilingi 10,000. Ni noti kumi. Zinakaa kwenye fundo la leso.

Hapa msomaji makini atanisimamisha. Utajiri wa Musk si noti, ni hisa. Zikishuka kesho, nao umeshuka. Tena mgao wa kaunti ni mapato ya mwaka, ilhali utajiri ni mali iliyolimbikizwa miaka mingi. Ni kweli, na ndiyo maana katika saa zile nne nililinganisha ongezeko na mgao, si rundo na mgao. Lakini neno kwamba mali hiyo ni karatasi tu halinitoshi, kwa sababu karatasi hiyo inafanya kazi ambayo mayai ya yule mama hayawezi kuifanya. Inakopesheka. Taarifa za kampuni ya Tesla kwa wadhibiti wa Marekani zilionyesha mwaka 2023 kwamba Musk alikuwa ameweka rehani zaidi ya hisa milioni 200 za kampuni hiyo kwa ajili ya mikopo yake binafsi. Mtu mwenye hisa hukopa, akatumia, akaishi, na hajauza kitu. Kwa kuwa hajauza, kwa sheria za kodi hajapata kipato. Mkopo nao kwa kawaida hautozwi kodi ya mapato. Hisa zinaendelea kupanda bila kuguswa.

Nadhani hapo ndipo penye kiini cha jambo lote. Tofauti kati ya tajiri wa dunia na mchuuzi wa mpakani haiko katika kiasi tu. Iko pia katika mwendo wa pesa zenyewe. Pesa ya mchuuzi haikai: inabadilishwa, inavushwa, inatumwa, inatolewa, inanunua, inauza, na kila inapopita kuna mkono unaochukua kidogo. Pesa ya tajiri mkubwa hukaa mahali pamoja na kuzaa.

Tuifuate siku moja ya zile noti kumi. Hesabu hii ni ya mfano. Bei hupanda na kushuka kila wiki, lakini mfanyabiashara wa mpakani ataitambua sura yake. Tuchukulie trei ya mayai 30 inanunuliwa upande wa Uganda kwa kiasi kinacholingana na shilingi 350 za Kenya, na kuuzwa upande wetu kwa 400. Mama ananunua trei 25 kwa shilingi 8,750. Faida inayoonekana ni 1,250.

Kwanza anatoa pesa kwa wakala, kwa sababu wateja wa jana walimlipa kwa simu. Kutoa shilingi 8,000 kunamgharimu 115. Kisha anawaendea wabadilishaji pesa wanaokaa kando ya barabara na mabunda yao ya shilingi za Uganda, ambapo shilingi moja yetu hupata karibu 28 zao. Wabadilishaji wakibaki na asilimia moja tu, ni kama shilingi 90. Mtu wa baiskeli au bodaboda wa kumbebea trei hizo ataomba 200. Kwa miaka mingi pale Busia kazi ya kuvusha mizigo imefanywa pia na watu wenye ulemavu wanaoendesha baiskeli za magurudumu matatu, zikiwa zimelemewa na sabuni, mafuta ya kupikia na saruji; ujira wanaopata ni sehemu ya hesabu hiyo hiyo, nao wana watoto wa kulisha. Tiketi ya soko ya kaunti, tuseme 50. Mayai yaliyovunjika njiani, nusu trei, 200. Chakula cha mchana, 100. Na kama mtaji aliuchukua kwenye chama kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, kila siku ya kazi inadaiwa kama shilingi 40.

Jumla ni 795. Anarudi nyumbani na 455 kati ya 1,250. Ameachiwa theluthi moja na kidogo ya alichokitolea jasho.

Si makato yote hayo ni kodi, wala sisemi kwamba mwenye baiskeli na wakala hawastahili malipo yao. Ninachosema ni kwamba hakuna hatua hata moja ambapo pesa yake ilipumzika. Na akifika dukani jioni kununua sabuni na sukari, bei aliyotajiwa ina kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16 ndani yake. Mafuta ya boda iliyomrudisha yana kodi hiyo vilevile, ambayo Sheria ya Fedha ya 2023 iliiongeza kutoka asilimia 8 hadi 16.

Makato ya simu yanastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa yanaonyesha jambo kwa uwazi usiohitaji mtaalamu. Kwa viwango vya M-Pesa vilivyoanza kutumika Julai 2023, serikali ilipopandisha ushuru wa huduma hizo hadi asilimia 15, anayetoa shilingi 200 kwa wakala hulipa 29. Anayetoa shilingi 250,000 hulipa 309. Wa kwanza amepoteza asilimia 14.5 ya pesa zake. Wa pili amepoteza asilimia 0.12. Kwa kila shilingi, mwenye kidogo amelipa zaidi ya mara mia moja ya mwenye kingi, na ndani ya kila ada hiyo kuna ushuru wa serikali.

Hili halikuanzia kwetu wala halikuishia kwetu. Mwaka 2021 waandishi wa ProPublica, shirika la habari la Marekani, walipata kumbukumbu za siri za kodi za matajiri wa nchi hiyo. Waligundua kwamba kati ya 2014 na 2018 utajiri wa Wamarekani 25 wa kwanza uliongezeka kwa dola bilioni 401, na kodi ya mapato waliyolipa serikali kuu ilikuwa dola bilioni 13.6. Ni asilimia 3.4 ya ongezeko hilo. Musk hakulipa kodi hiyo kabisa mwaka 2018. Ripoti ya Oxfam ya Januari 2023 iliweka takwimu hizo kando ya mwanamke mmoja muuza unga na mchele kaskazini mwa Uganda, jirani zetu kabisa, anayepata faida ya dola 80 kwa mwezi, kama shilingi 10,300 za Kenya. Kodi zake zilikuwa asilimia 40.

Asilimia 40 kwa wa dola 80. Asilimia 3.4 kwa wa mabilioni. Mtu akikuambia kwamba tofauti ya kipato inatokana na bidii pekee, mwonyeshe namba hizo mbili na umwache azitafakari.

Mpaka huu nao umewahi kutajirisha watu. Baridi kali ilipounguza mikahawa ya Brazil mnamo Julai 1975, bei ya kahawa duniani ilipaa. Uganda ya Idi Amin ilikuwa na kahawa, lakini wakulima wake walikuwa wakilipwa kidogo na kwa pesa zisizokuwa na thamani. Kahawa ikavuka mpaka kwa vichwa, kwa baiskeli na kwa punda, hasa kuelekea soko la Chepkube chini ya Mlima Elgon, na wazee wa sehemu hizi wanazikumbuka siku hizo kwa neno moja, magendo. Wabebaji walipata pesa za haraka ambazo hawajawahi kuziona tena. Faida iliyodumu ilikwenda kwa wenye malori, leseni na wakubwa wa kuwalinda hadi Mombasa. Kahawa ilikuwa moja, njia ilikuwa moja, lakini aliyebeba gunia alilipwa kwa safari na aliyemiliki lori akajenga.

Leo sheria ni afadhali. Chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, bidhaa zilizozalishwa ndani ya jumuiya na zilizo katika orodha iliyokubaliwa, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, hazitozwi ushuru wa forodha. Mwenye mali hupewa cheti rahisi cha asili ya bidhaa papo hapo mpakani. Kituo cha pamoja cha Busia kilifunguliwa rasmi Februari 2018 na Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni, ili maofisa wa nchi zote mbili wahudumie watu chini ya paa moja. Hayo ni maendeleo ya kweli na yamepunguza sana muda wa malori kuvuka. Hata hivyo, wachuuzi wengi, na wengi wao ni wanawake, bado wanapita njia za panya. Wengine hawajui haki yao, wengine hawawezi kupoteza nusu siku, wengine wanaogopa kunyang'anywa. Na Machi 2021, Kenya ilipopiga marufuku ghafla mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, kisha ikaondoa marufuku hiyo baada ya siku chache, aliyekuwa na magunia matatu tu njiani hakuwa na wakili wala akiba ya kumwezesha kusubiri.

Anayekamatwa kwenye njia ya panya na trei za mayai anaitwa mtu wa magendo. Sasa tazama njia nyingine. Oktoba 2021 nyaraka za siri zilizovuja, ziitwazo Pandora, ziliihusisha familia ya Kenyatta na kampuni kadhaa zilizosajiliwa ng'ambo, mojawapo ikiwa na hisa na dhamana zenye thamani ya dola milioni 30. Kumiliki kampuni kama hiyo si kosa kisheria, na nyaraka hizo hazikuonyesha kwamba mali ya umma iliibwa. Mimi naangalia ukubwa: dola milioni 30 ni shilingi bilioni 3.87, zaidi ya nusu ya mgao wa mwaka wa Busia, na zilikuwa mahali ambapo jina la mwenyewe halionekani. Sheria imeiruhusu njia hiyo. Ya mayai imeifanya jinai.

Kenya yenyewe ilichagua kuwa hivi, kwa tarehe zinazojulikana. Ushuru wa urithi ulifutwa mwaka 1982. Kodi ya faida ya mtaji, ile inayotozwa mtu anapouza ardhi au mali kwa bei iliyopanda, ilisimamishwa mwaka 1985 na haikurudi hadi Januari 2015, kwa asilimia 5. Ilipanda hadi 15 mwaka 2023. Kwa miaka karibu 30, miaka ile ile ambapo ardhi ya Nairobi, Mombasa na kando ya barabara kuu ilipanda bei mara nyingi, aliyenunua na kuuza viwanja hakulipa kodi hiyo. Na hata leo, mwenye ploti tupu kando ya lami ya Malaba hulipa kaunti ada ya ardhi kwa mwaka, lakini ongezeko la thamani lililoletwa na barabara na kituo cha mpakani, vitu vilivyojengwa kwa pesa za umma, haliguswi mpaka siku atakapouza. Asipouza, watoto watarithi bila ushuru. Mama aliyetandaza ndizi mbele ya ploti hiyo analipa tiketi kila siku ya soko.

Matokeo ya miaka hiyo yanahesabika. Novemba 2025 Oxfam ilieleza kwamba Wakenya 125 matajiri kuliko wote wana mali nyingi kuliko Wakenya milioni 42.6 kwa pamoja. Barani Afrika, Julai mwaka huo huo, shirika hilo lilisema Waafrika wanne wana dola bilioni 57.4, zaidi ya mali ya watu milioni 750 kwa pamoja. Duniani kote, Ripoti ya Ukosefu wa Usawa ya 2022 ilikadiria kwamba asilimia 10 ya watu wazima wanamiliki asilimia 76 ya mali yote, na nusu ya chini ya binadamu wanagawana asilimia 2. Busia iko kwenye nusu hiyo. Uchunguzi wa serikali wa 2015/16 ulikuta asilimia 69.3 ya wakazi wa kaunti hii wakiishi chini ya mstari wa umaskini, wakati wastani wa taifa ulikuwa 36.1. Mstari wenyewe, kwa mashambani, ulikuwa shilingi 3,252 kwa mtu mzima kwa mwezi. Hiyo ni shilingi 107 kwa siku, na saba kati ya kila kumi hawakuzifikia.

Wapo wanaosema tajiri akibanwa ataacha kujenga. Hoja hii naiheshimu, maana Afrika inahitaji viwanda, na kiwanda cha mafuta cha Aliko Dangote kule Lagos kisingejengwa na chama cha kina mama. Lakini tuangalie kinachoombwa. Mwaka 2024 mwanauchumi Gabriel Zucman, kwa ombi la Brazil iliyokuwa ikiongoza kundi la G20, alipendekeza kwamba mabilionea wa dola, watu kama 3,000 duniani, walipe kila mwaka kodi isiyopungua asilimia 2 ya mali yao. Kwa hesabu zake, utajiri wa watu wa tabaka hilo umekua kwa takriban asilimia 7 kwa mwaka tangu miaka ya 1980, baada ya kuondoa mfumuko wa bei. Kata 2 kutoka 7, utajiri bado unakua kwa 5. Hakuna kiwanda kitakachofungwa kwa sababu hiyo. Na makusanyo yangekuwa dola bilioni 200 hadi 250 kwa mwaka. Bilioni 200 ni shilingi trilioni 25.8, mara sita ya bajeti nzima ya serikali ya Kenya ya mwaka 2025/26.

Sina matumaini kwamba pesa hizo zingefika Busia zenyewe. Zingetozwa hasa Marekani, Ulaya na China, wanakoishi mabilionea wengi. Ndiyo maana naona mazungumzo ya Umoja wa Mataifa kuhusu mkataba wa ushirikiano wa kodi yana uzito zaidi kuliko yanavyoandikwa kwenye magazeti yetu. Yalisukumwa na nchi za Afrika kuanzia 2022, Marekani ikajitoa Februari 2025, na Novemba mwaka huo wajumbe walikutana Nairobi. Miongoni mwa mambo yaliyo mezani ni jinsi ya kuwatoza kodi watu wenye mali nyingi mno, na ni nani mwenye haki ya kutoza faida inayopatikana nchi moja na kuhesabiwa nchi nyingine. Mkataba unatarajiwa kukamilika mwaka 2027.

Kazi ya nyumbani haihitaji kusubiri mkataba. Ada za kutoa pesa kidogo kwa simu zinaweza kuondolewa ushuru kwa sheria moja ya Bunge. Tiketi ya soko inaweza kufutwa na bunge la kaunti kwa mtaji ulio chini ya kiwango fulani, na pengo lizibwe na ada ya ploti tupu zilizo kando ya lami. Urithi mkubwa, si shamba la ekari mbili la Teso bali mali ya mabilioni, unaweza kurudishiwa ushuru uliofutwa 1982. Wakenya walikwisha kuonyesha Juni 2024 kwamba muswada wa kodi unaweza kurudishwa ulikotoka. Ule ambao mwanzoni ulitaka mkate utozwe asilimia 16 uliondolewa siku moja tu baada ya maandamano ya tarehe 25, na kwa gharama ya roho za vijana.

Agosti 2027 ni uchaguzi, mwaka ule ule wa mkataba. Wagombea watakuja sokoni Busia na Malaba. Waulize, mmoja mmoja, kwa majina yao: kodi ya mali kubwa unaiunga mkono au unaipinga, na ushuru wa shilingi 200 za simu utauondoa lini? Asiye na jibu la namba, usimpe kura.